Moto Uliozikwa

Moto hupendeza karamuni. Msomaji, kama umepata kufika Migwani katika mwezi wa Desemba, wakati watu warudipo makwao kutoka Nairobi na Mombasa, bila shaka umeuona: mafiga makubwa yamepangwa nyuma ya nyumba, sufuria zinatokota, na vijana wamelizunguka gogo la mgunga wakichoma nyama hata usiku wa manane. Penye arusi au ntheo, siku ambayo upande wa mume hupeleka mbuzi kwao msichana, mioto huwa mitatu au minne.

Siku hizi wako pia waletao fataki za mjini. Juu ya hizo neno langu ni fupi. Kile kijiti cha cheche ambacho mtoto hupewa ashike kama ua huwaka kwa joto la nyuzi 1,000 za sentigredi au zaidi. Na fataki iliyokataa kulipuka haifai kuinamiwa. Lakini fataki ni za nyumba chache. Mafiga yako kila mji.

Kwetu maji ni haba. Mengi hubebwa na punda kutoka mashimo yachimbwayo katika mchanga wa mto mkavu, na kila mtungi wa lita 20 una bei yake au una safari yake. Basi karamu ikiisha, nani atathubutu kumwaga mitungi miwili juu ya majivu? Huchukuliwa jembe, makaa yakafunikwa udongo, watu wakaenda kulala. Hawakuuzima moto, wameuvika nguo. Udongo huzuia hewa kuingia, ndiyo sababu makaa huungua polepole. Lakini udongo huohuo huzuia joto kutoka, hata kesho yake yakawa bado mekundu, wala juu hapana moshi wala mwanga wa kumwonya apitaye.

Huko Makunduchi, Unguja, katika sikukuu ya Mwaka Kogwa kila Julai, banda la makuti huchomwa makusudi mbele ya umati. Ni moto mkubwa kupita wetu wote, walakini kila mtu anauona.

Asubuhi moja, baada ya arusi ya jirani, mtoto wa miaka minne alikuwa akimfukuza kuku, akakanyaga mahali palipofanana na uwanja mwingine wote. Hakukimbia. Alisimama palepale akilia, kwa kuwa mtoto akichomwa na ardhi hajui aelekee wapi. Tulipomnyakua, mmoja alileta samli, mwingine dawa ya meno. Nikaomba maji.

"Mwalimu, yaliyobaki ni ya chai ya wageni," nyanya yake akasema.

Pakawa kimya. Mama wa mtoto akainuka, akaubeba mtungi mwenyewe.

Jeraha la moto hutaka maji safi ya baridi yamiminwe juu yake kwa dakika 20, kisha hospitali. Lita moja kila dakika ni mtungi mmoja kamili, na sijui chai iliyo na thamani hiyo. Samli na dawa ya meno haviupozi mguu. Humwongezea tabibu kazi ya kuvibandua.

Tena maji ya kuzimia hayahitaji kuwa safi. Siku ya karamu sahani huoshwa kwa mamia, na maji yake hutupwa chini ya mwembe. Yawekwe katika pipa. Wageni wakiondoka, yatawanye makaa, yamwagie ukiwa umesimama kando, kwa maana mvuke nao huunguza. Koroga kwa kijiti kirefu, mwaga tena, hata ukikaribisha mgongo wa mkono usisikie joto. Na yasipotosha, usizike. Fyeka nyasi pande zote, uache makaa wazi, uyazungushie matawi ya miiba kama boma la mbuzi, na mmoja wa wale wachoma nyama akeshe karibu mpaka yapoe.