Themostati mpya kwa kaka

Wadau, kaka yangu anaishi Atlanta na hufanya kazi usiku. Nyumba yake hupashwa kwa pampu ya joto, lakini themostati yake kuukuu ya zebaki haikujua saa, na bili ya stima ilikuwa inammaliza.

Nilizima swichi kuu, nikapiga nyaya picha kabla ya kugusa chochote. Waya wa O ndio wa kuchunga: hugeuza pampu kati ya kupasha na kupoza.

Halafu ratiba. Wengi hushusha joto sana wakidhani wanaokoa. Ukifika wakati wa kupandisha, pampu inachelewa, hita ya ziada inawaka, na hiyo hula stima mara mbili au tatu zaidi. Nimeweka tofauti ya digrii 3 tu za Fahrenheit.

Kaka analalamika baridi. Avae sweta.