Kuvuta Hadharani, Hapa Tunapolima Tumbaku

Ukimuuliza mtu wa Mpanda kama uvutaji wa sigara upigwe marufuku mahali pa watu wengi, atakujibu ndiyo. Mwalimu atajibu hivyo, dereva wa bodaboda atajibu hivyo, hata mwenye sigara mkononi atajibu hivyo, tena kwa mkazo, akiongeza kwamba watoto wanaharibika. Kwa miaka mingi jibu hilo lilinitosha. Niliona watu wameshasema, kilichobaki ni utekelezaji, kwa kuwa sheria yenyewe si ya jana: Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ilipitishwa mwaka 2003, ikazuia kuvuta katika maeneo ya umma, na mwaka 2007 nchi yetu ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani unaotaka watu wakingwe na moshi wa wenzao. Siku hizi nina wasiwasi na ndiyo ile. Imekuwa nyepesi mno kutamkwa.

Lililonitia wasiwasi ni safari za kawaida tu. Katika basi la kwenda Tabora au Sumbawanga, saa zote zile za vumbi na mitikisiko, huoni mtu akiwasha sigara. Mvutaji husubiri. Basi likisimama abiria wachimbe dawa, huiwasha pembeni ya barabara, akavuta harakaharaka, akapanda tena. Hanung'uniki kwamba amenyimwa haki. Kisha jioni, mtu yule yule akiingia grosari, huvuta akiwa katikati ya watu, chini ya paa la bati, na hakuna anayesema neno. Nikawa najiuliza maoni yake ni yapi hasa, yale ya kwenye basi au haya ya mezani.

Nilidhani jibu ni heshima. Huku kwetu kijana hamwambii mzee azime sigara. Hata akikohoa, atakohoa kwa adabu, uso akiugeuzia ukutani. Niliishikilia fikra hiyo kwa muda, na bado sijaiacha kabisa, lakini ilianza kulegea nilipomtembelea baba mdogo upande wa Nsimbo, msimu wa masoko. Yeye analima tumbaku ya mvuke, kama walivyo majirani zake wengi. Kwenye ghala la chama cha msingi, kulikojaa majani makavu yaliyokwisha kuchambuliwa na kufungwa kusubiri kupangiwa madaraja, mtu akisogea na sigara inayowaka hufukuzwa kwa kelele, awe mzee, awe kijana, awe nani. Hapo hakuna anayejadili uhuru wa mtu, wala anayeona aibu kumkaripia aliyemzidi umri. Kumbe tunaweza. Tunaweza vizuri sana, pale ambapo kitu kinachoweza kuungua kinaonekana kwa macho na kimeshapigiwa hesabu ya ada za watoto.

Baba mdogo mwenyewe havuti. Nilipomwuliza kuhusu marufuku, ndiye peke yake aliyenijibu hapana, na hapana yake nimeifikiria kuliko ndiyo zote nilizozisikia. "Mwanangu," aliniambia, "mkiitukana tumbaku, mjue mnatutukana na sisi." Ningeweza kumjibu kwamba sehemu kubwa ya jani linalolimwa Tanzania husafirishwa nje, na kwamba sigara isiyovutwa ndani ya grosari moja ya Mpanda haimpunguzii daraja wala bei. Hilo ni kweli. Lakini hakuwa anazungumzia bei. Alikuwa anazungumzia miaka ya kukata kuni za bani, mikesha ya kuangalia joto lisizidi, wavunaji wanaorudi nyumbani wakiwa na kizunguzungu na kutapika kwa sababu nikotini ya majani mabichi yenye umande hupenya kwenye ngozi. Mtu aliyelipa gharama hiyo yote, akisikia mji unasema zao lake ni sumu, anasikia anahukumiwa yeye. Mkataba ule ule wa kimataifa, katika kifungu cha 17, unataka mkulima asaidiwe kupata njia nyingine ya kuishi. Nikamtajia alizeti. Akaniuliza nani atamkopesha mbolea ya alizeti, na nani ameshasaini kuinunua. Sikuwa na jibu.

Ila nimetoka kwake nikiwa nimetenganisha mambo mawili niliyokuwa nimeyafunga pamoja. Kumlinda anayevuta moshi wa mwenzake si kumshitaki aliyelima. Na anayevuta moshi huo ni nani? Hapa ndipo fikra zangu zilipochelewa kufika kuliko kote. Nilikuwa nikihesabu wateja: wavutaji upande huu, wasiovuta upande ule, kila mmoja na haki yake, na asiyependa anaweza kuhama meza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku nchini ni takriban asilimia 8.7, yaani wengi wetu hatuvuti, na nikaona wingi huo unamaliza hoja. Sikumwona anayezunguka na sinia.

Mhudumu hawezi kuhama meza. Anaingia mchana, anatoka usiku wa manane, na moshi unaotoka kwenye kila meza unamhusu yeye. Sheria ya 2003 inaruhusu kutengwa mahali pa wavutaji, lakini katika chumba kimoja chenye madirisha mawili, sehemu iliyotengwa ni ya viti tu. Moshi hauna sehemu. Nilimwuliza dada mmoja anayehudumu mahali ninapokula yeye anaonaje. Alinitazama kidogo, kama mtu anayepima swali lina mtego gani. "Mimi hata siulizwagi, kaka," akasema. "Nikimwambia mteja atoke nje, ataenda kunywa kwingine, halafu bosi ataniuliza mimi."

Tangu hapo nimekuwa na msimamo, ingawa naushika kwa uangalifu. Naona marufuku ianzie kila mahali penye paa na mtu anayelipwa mshahara, bila vyumba vya kutengwa, na mzigo wa kuisimamia uwe wa mwenye leseni, usiwe wa binti mwenye sinia. Kwenye basi imewezekana kwa sababu kondakta akisema, gari zima liko nyuma yake. Mhudumu hana gari zima nyuma yake. Uganda, kwa sheria yao ya 2015, walikwenda mbali zaidi, wakakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma. Sijui kama ningetaka tufike huko. Namfikiria mzee anayeuza kamba sokoni, na msokoto wake wa karatasi, akisimamishwa na mgambo mwenye kitabu cha faini, wakati anayevuta sigara ya pakiti kwenye hoteli kubwa anaongezewa kiti. Sheria zetu nyingi zimeanza kwa kuwakuta wanyonge kwanza.

Na kuna masika. Kiangazi suala hili huwa jepesi, kwa kuwa tunakaa nje, chini ya miembe, upepo unafanya kazi yake. Kuanzia Novemba mvua ikishika, wote tunabanana barazani, na kumwambia mtu atoke nje ni kumwambia alowe. Huyo naye ni mtu, na aliianza sigara akiwa kijana mdogo, kwenye duka lililomuuzia moja moja. Nitamwambia atoke? Nafikiri ndiyo. Lakini ningependa kwanza mwenye grosari ajenge kibanda kidogo cha makuti uani, na baba mdogo apate mtu wa kumsainia mkataba wa alizeti, na yule dada aulizwe, siku bosi hayupo, angependa kazi yake iweje.