Kocha wa Miaka 39: Tumkaribishe Bila Kumhesabia Siku

Najua wiki hiyo ya Novemba 2024 mlikuwa mnangoja niongee siasa ama bei ya unga, lakini Man U ilikuwa imepata kocha mpya na mimi sikuweza kujifanya sijaona. Ruben Amorim alianza kazi Novemba 11, 2024. Alikuwa na miaka 39. Tangu siku hiyo simu yangu haikupumzika. Nusu ya mbogi yangu walimpokea kama Musa amefika ukingoni mwa bahari na fimbo mkononi. Nusu ingine, hasa wale wa Arsenal, walishaanza kuhesabu siku. Kuna mmoja aliniuliza kama nadhani atafika Pasaka, na mimi sikuwa nimemaliza hata chapati ya kwanza.

Kitu kimoja kinanishangaza. Watu wote, waliompenda na waliomcheka, walianza na umri. "Ni kijana." "Ni mdogo sana." Manze, kwa Katiba yetu ya 2010, kijana ni mtu kuanzia miaka 18 mpaka kabla ya kufika 35. Amorim angekuja hapa Kenya kuomba pesa za mfuko wa vijana angerudishwa mlangoni. Ni mtu mzima. Lakini kwa kiti kile cha Old Trafford, 39 ni utoto. Hakuna kocha mdogo hivyo amekalia hicho kiti tangu Wilf McGuinness mwaka wa 1969.

Na kwa kikosi alichopewa, mambo yalikuwa hivi: kipa Tom Heaton alikuwa na miaka 38. Jonny Evans alikuwa na 36. Yaani kocha angekuwa shule moja na hao, wangekutana kwa foleni ya chakula.

Mzee wangu hakufurahia. Yeye ni wa enzi za Ferguson, amelelewa na ushindi, na anaamini kocha lazima akae kama mtu anayeweza kukufukuza nyumbani kwako mwenyewe.

"Huyo kijana atamwambia Casemiro nini?" aliniuliza. "Casemiro ana Champions League tano."

"Lakini baba, haendi kumfundisha kushinda. Anaenda kumwonyesha pa kusimama."

"Mtu wa umri wa Casemiro hajui pa kusimama?"

"Sasa mbona huwa hasimami hapo?"

Alicheka, akaitisha chai, na hapo ndipo mjadala uliisha kwetu. Lakini swali lake ni la haki na nimelala nalo siku kadhaa. Mtu mdogo atawaambia nini wakubwa?

Mimi swali hilo nimeishi nalo. Nikiwa na miaka 22 niliachiwa zamu ya duka moja la simu hapa tao. Tulikuwa wanne, na wote watatu walinizidi umri. Mteja akiuliza bei, mmoja wao alikuwa anasema, "ngoja mwenyewe aje," na mimi nimesimama hapo hapo na funguo za droo mkononi. Mwingine aliniita "mtoto" mbele ya watu mpaka wateja wakalishika. Bosi naye alisema ameniachia kazi, lakini kila jioni alikuwa anapita, anasalimia wale wengine kwanza, anawauliza siku imeendaje. Wao wakaelewa haraka nani ndiye mkubwa. Baada ya miezi mitatu akamleta mtu wa miaka arobaini, akaniambia ninahitaji kukomaa. Mauzo hayakuwa yameshuka. Hilo hakuliongelea.

Ndio maana hadithi ya McGuinness inanigusa kuliko inavyogusa mtu wa kawaida. Jamaa alipewa timu akiwa na miaka 31, anachukua nafasi ya Sir Matt Busby, mtu aliyekuwa ameshinda Kombe la Ulaya mwaka mmoja tu uliopita. Wachezaji aliopaswa kuwaamrisha ni watu aliocheza nao. Bobby Charlton alikuwa rika lake kabisa, wote wamezaliwa Oktoba 1937. Na Busby hakwenda nyumbani. Alibaki hapo klabuni kama meneja mkuu. Sasa fikiria wewe ni mchezaji nyota, umeachwa nje ya timu na rafiki yako wa zamani, na yule mzee aliyekufanya uwe nyota bado yuko kwenye jengo. Utaenda kulalamika kwa nani? McGuinness alifika nusu fainali tatu na akapoteza zote. Desemba 1970 akaondolewa, na aliyerudi kushika timu ni Busby mwenyewe.

Watu husimulia hiyo kama ushahidi kwamba vijana hawawezi. Mimi nikiisoma naona kitu kingine: alipewa kazi bila kupewa mamlaka. Hizo ni vitu viwili tofauti, na yeyote ambaye amewahi kuachiwa duka anajua tofauti yake.

Turudi kwa Amorim. Kama umewahi kusoma tangazo la kazi hapa Kenya, lile la kutaka mtu wa miaka 24 mwenye uzoefu wa miaka mitano, hii sehemu utaipenda. Machi 2020 Sporting ya Lisbon walimchukua kutoka Braga kwa karibu euro milioni 10. Pesa hiyo ni ya kununua kocha, si straika. Na hakuwa amemaliza hata miezi mitatu na timu kubwa ya Braga. Leseni ya juu kabisa ya ukocha hakuwa nayo bado, mpaka ikabidi kwenye karatasi mwenzake ndiye aandikwe kocha mkuu. Alafu, kama hiyo haitoshi, jamaa alikuwa mchezaji wa Benfica kwa miaka mingi. Benfica na Sporting ni majirani wasiosalimiana. Ni kama Ingwe waamke asubuhi moja watangaze kocha wao mpya ni mtoto wa K'Ogalo, hana makaratasi, na wamemlipia pesa ambazo hawana. Hebu fikiria hiyo siku City Stadium ingekuwaje.

Mwaka uliofuata, 2021, Sporting wakachukua ligi. Walikuwa wameingoja miaka 19. Wakaichukua tena 2024. Msimu wa 2024/25 aliwaacha wakiwa wameshinda mechi 11 kati ya 11 za ligi, na Novemba 5, 2024, siku chache kabla ya kuhama, akaipiga Man City mabao 4-1, Gyökeres akifunga matatu. Mechi ya mwisho kabisa, ugenini Braga, walikuwa chini 2-0 wakashinda 4-2. Wachezaji hawamchezei hivyo mtu wanayemdharau, hata kama hana mvi.

Kwa hivyo uwezo wa kuongea na wakubwa anao. Wasiwasi wangu hauko kwake. Uko kwetu, na kwa wale wa juu yetu.

Hesabu nami. Tangu Ferguson aondoke 2013, Amorim alikuwa kocha wa sita wa kudumu, na hapo sijaweka wale wa kushikilia kwa muda. Moyes alipewa mkataba wa miaka sita, akamaliza miezi kumi. Van Gaal alishinda Kombe la FA 2016 akafutwa kazi hata kombe halijapata vumbi. Mourinho akaleta makombe mawili mwaka wa 2017 na akaondoka kwa ugomvi. Solskjaer tulimwimbia, tukamchoka. Ten Hag alitupa Kombe la Ligi 2023 na Kombe la FA mwezi wa Mei 2024, kwa kuifunga City, tena Garnacho na Mainoo ndio waliofunga, watoto wenyewe. Julai akaongezewa mkataba. Oktoba 28 akafutwa. Si ni kama kumlipia mtu kodi ya miezi sita alafu unamtupia vitu nje wiki ya pili?

Na kila mmoja wao tulimkaribisha hivi hivi tulivyomkaribisha huyu. Video zile zile za muziki wa huzuni zinazoishia na moto. Picha ya kocha amekunja mikono. Maneno "amerudi" hata kama mtu hajawahi kuwa huko.

Kuna namna ya kukaribisha mtu ambayo ni mtego. Unamwinua juu sana ili akianguka kelele isikike. Amorim alikuwa anacheza na mabeki watatu nyuma, na mfumo huo unakufa bila wale watu wawili wa pembeni wa kupanda na kushuka dakika zote 90. Angalia kikosi chetu cha Novemba 2024 uniambie ni kina nani. Luke Shaw alikuwa mtu wa hospitali. Malacia alikuwa amekaa nje zaidi ya mwaka mzima. Dalot na Mazraoui ni wazuri lakini hao ni mabeki, si treni. Amad anaweza kujaribu upande wa kulia, na mimi binafsi ningemjaribu. Lakini kusema kweli jamaa alikuja kupika pilau akakuta jikoni kuna unga wa ugali. Alafu wachezaji wengi walikuwa na timu zao za taifa, kwa hivyo siku za kufanya nao mazoezi kabla ya mechi ya kwanza zilikuwa za kuhesabu na vidole, na ungebaki na vidole.

Najua jedwali lilitutia moyo. Ndiyo, tulikuwa nafasi ya 13. Lakini tulikuwa na pointi 15, na wa tatu alikuwa na 19, na hiyo ndiyo ilifanya watu wapige hesabu za ajabu usiku. Ruud van Nistelrooy alishika timu kwa mechi nne, akashinda tatu na kutoka sare moja, kila mtu akaona kama ugonjwa umepona. Nawajua wasee wawili walioweka nauli ya wiki nzima kwamba tungeshinda mechi tatu za kwanza. Wakuu, mimi si mama yenu. Lakini mlimwekea dau mtu ambaye hakuwa amejua hata choo cha mazoezini kiko wapi, na mkipoteza mngekuja kusema kocha ndiye amewafanya mtembee kutoka Rongai.

Sasa nitasema kitu na watu wa Arsenal msikipige picha. Desemba 2019 mlimchukua Arteta, miaka 37, mtu ambaye hakuwa amesimamia hata mechi moja kama kocha mkuu. Mkamaliza nafasi ya nane. Mwaka uliofuata, nafasi ya nane tena. Agosti 2021 mlipoteza mechi tatu za kwanza, ya tatu ikiwa 5-0 kwa City, mkawa mkiani kabisa. Nakumbuka tulivyowacheka. Nilicheka mpaka mbavu. Klabu haikumfukuza. Msimu wa 2022/23 na wa 2023/24 mlimaliza wa pili, nyuma ya City tu. Makombe mpaka Novemba 2024 yalikuwa Kombe la FA la 2020 na yale ya Ngao, kwa hivyo msijisikie sana, lakini timu mlikuwa nayo na sisi hatukuwa nayo.

Mzee wangu huniambia Ferguson hangevumilia upuzi huu. Huwa namkumbusha, kwa heshima, kwamba Ferguson mwenyewe alivumiliwa. Alikuja Novemba 1986, mechi ya kwanza akapigwa 2-0 na Oxford. Msimu wa 1988/89 alimaliza nafasi ya 11, uliofuata nafasi ya 13. Desemba 1989 kuna shabiki aliinua bango uwanjani kumwambia kwaheri. Kombe lake la kwanza lilikuja 1990. Mzee akisikia hiyo anasema enzi zile zilikuwa tofauti. Zilikuwa tofauti kweli: hakukuwa na simu za kumtukana kocha kabla hajafika kwenye gari.

Mimi niliamua hivi. Kupoteza mechi singemhesabia mpaka apate dirisha la usajili na mazoezi ya kabla ya msimu. Ningemhesabia vingine. Je, mtu akiacha kukimbia anatolewa, hata kama jina lake ni kubwa? Je, Mainoo anazidi kuwa mchezaji au anazidi kuchoka? Je, tukifungwa bao moja bado tunajua tunachofanya, ama kila mtu anaangalia mwenzake kama abiria wakati matatu imezima kwa barabara kuu? Hayo unaweza kuyaona hata ukipoteza.

Na wale mabosi wa juu, ambao Julai 2024 walitangaza kupunguza wafanyakazi 250 na mwezi uo huo wakamwongezea mkataba kocha waliyekuja kumfukuza, hao ningewaangalia zaidi. Mchezaji mkubwa akinuna siku moja akapanda ngazi kwenda ofisini kulalamika, nilitaka kujua kama mlango ungefunguliwa.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumapili, Novemba 24, 2024, ugenini kwa Ipswich, saa moja na nusu usiku kwa saa zetu. Alafu Bodø/Glimt, Everton, na Desemba 4 tulienda kwa hao hao Arsenal. Mzee alisema angetazama nyumbani ili asionekane na mtu. Mimi nilipanga kuwa pale tunapolipa hamsini, na kiti cha mbele nilishaongea na mwenyewe aniwekee. Wa kuja nilimwambia aje mapema, na yule wa Pasaka aje na pesa yake ya kiti.