Mlango wa Dansi

Tangu mwaka 1867 katiba ya Kanada imezilinda shule za Wakatoliki za jimbo la Ontario, na hata leo hugharimiwa na hazina ya serikali. Katika mojawapo, mjini Oshawa, alisoma Marc Hall, kijana wa miaka 17 ambaye moyo wake ulielekea wanaume. Mwaka 2002 aliomba kwenda na mpenzi wake, Jean-Paul Dumond, kwenye dansi ya kuagana na shule. Wakuu walikataa, walisema ruhusa hiyo ingepingana na mafundisho ya Kanisa.

Mtoto afukuzwaye na jirani hurudi kwao akatulizwa. Je, afungiwaye mlango na nyumba iliyomlea aende wapi? Kanisa lafundisha kwamba watu kama yeye wapokewe kwa heshima na huruma; tena lafundisha kwamba tendo la mapenzi yao ni dhambi. Basi katika darasa moja kijana huitwa kwa neno hili, akasukumwa kwa neno lile.

Hall alikwenda mahakamani. Tarehe 10 Mei 2002, siku ya dansi yenyewe, Jaji Robert MacKinnon aliamuru aruhusiwe, na usiku ule wawili wale wakaingia pamoja. Kesi iliachwa mwaka 2005 pasipo hukumu ya mwisho. Amri ya jaji yaweza kufungua mlango wa ukumbi. Mlango wa moyo hufunguliwa na aliye ndani.