Upepo Ulikuwa wa Wote

Nilipoanza kufundisha historia hapa Mombasa, vita vya mwaka 1588 kati ya Uhispania na Uingereza nilivisimulia kama nilivyovipokea kwa walimu wangu. Mfalme Philip II alituma merikebu zipatazo 130 kwenda kumng'oa Malkia Elizabeth, Waingereza wakapigana kishujaa, kisha Mungu akavumisha upepo na adui akatawanyika. Hata medali za ukumbusho zilizotengenezwa wakati ule zilisema hivyo. Kisa kilikuwa kitamu na darasa lilikisikiliza kwa utulivu.

Aliyenibadilisha ni mwanafunzi wa kidato cha pili, mtoto wa mvuvi. Alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, upepo ni wa wote walioko baharini. Kwa nini uwasaidie Waingereza peke yao?"

Nilimwahidi jibu, na kulitafuta kukageuza namna ninavyovitazama vita, na baadaye namna ninavyomtazama mtu afanyaye kazi kwa mikono.

Nilianzia usiku wa tarehe 30 Julai, kwa kalenda waliyoitumia Wahispania. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa magharibi, ukiwasukuma Wahispania kuingia Mlango wa Uingereza, na kundi kubwa la merikebu za Kiingereza lilikuwa limebanwa bandarini Plymouth, upande wa demani. Mabaharia wake walizitoa nje dhidi ya upepo, wakabisha gizani, na kulipopambazuka walikuwa nyuma ya adui, upande wa joshi, yaani upepo unakotoka. Aliye joshini huamua saa ya kupigana na umbali wa kupigania. Nilipolieleza hilo darasani, yule mtoto wa mvuvi alikuwa akitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza sentensi. Upepo ulikuwa wa wote, ila kuna waliokesha wakiufanyia kazi.

Wahispania nao hawakuwa wazembe, na hilo nalisema kwa mkazo kwa sababu vitabu vingi vimewadhulumu. Chini ya Mtawala wa Medina Sidonia walisafiri kwa umbo la mwezi mchanga, merikebu zenye nguvu zikiwa kwenye pembe mbili. Aliyethubutu kuingia kati angezingirwa, afungwe kwa kulabu, kisha askari wamkwee. Hivyo ndivyo vita vya baharini vilivyokuwa vikipiganwa tangu zamani, na mwaka 1571 Uhispania na washirika wake walikuwa wamewashinda Waturuki kule Lepanto kwa mapigano ya sitaha kwa sitaha. Ndiyo maana walipakia askari wapatao 19,000 na mabaharia 8,000 tu. Kwa muda wa wiki nzima Waingereza waliwafuata wakiwapiga kwa mbali, na mizinga yao haikuzamisha hata merikebu moja. Merikebu mbili kubwa zilizopotea siku hizo zilipotea kwa ajali: Rosario iligongana na wenzake, na San Salvador ikalipukiwa na baruti yake yenyewe.

Kilichonikamata kabisa ni magari ya mizinga. Mzinga wa zama zile ulijazwa kwa mdomoni, hivyo ni lazima uvutwe ndani, usafishwe, utiwe baruti na tufe, kisha usukumwe tena kwenye tundu lake. Waingereza waliiweka mizinga yao juu ya magari mafupi yenye magurudumu manne madogo. Mengi ya Wahispania yalikuwa marefu, yenye magurudumu mawili makubwa kama yale ya nchi kavu, na yalikula nafasi ya sitaha kiasi kwamba kuuvuta mzinga ndani kulikuwa taabu kubwa. Tena desturi yao ilikuwa kuupiga mzinga mara moja, kisha waliousukuma washike silaha zao wajiandae kumkwea adui. Wapigaji waliofunzwa walikuwa wachache.

Ushahidi upo. Hesabu zilizohifadhiwa Uhispania zinaonyesha kuwa baadhi ya merikebu zilirudi na matufe mengi ya mizinga mikubwa hayajaguswa. Mwaka 1971 wapiga mbizi wa klabu moja ya mji wa Derry waliikuta La Trinidad Valencera, moja ya merikebu hizo za Kihispania, chini ya maji ya Kinnagoe, Ireland, ikiwa na mizinga ya shaba ya kubomolea ngome iliyotengenezwa Mechelen mwaka 1556. Merikebu ile ilikuwa imebeba vita vya nchi kavu kuvipeleka kwa jeshi la Uhispania lililokuwa Flanders chini ya Mtawala wa Parma, ambalo lenyewe lilikuwa limezibiwa njia na mashua za Waholanzi.

Usiku wa tarehe 7 Agosti, Wahispania wakiwa wametia nanga karibu na Calais, Waingereza waliachia merikebu nane zinazowaka moto zifuate upepo na mkondo. Wahispania wakakata amari zao na kuziacha nanga chini. Kesho yake, mbele ya Gravelines, umbo la mwezi lilikuwa limevunjika, na safari hii Waingereza walisogea karibu, wakapiga, wakajaza, wakapiga tena, hadi baruti ikakaribia kuwaishia. Ndipo upepo ukawasukuma Wahispania kuelekea kaskazini. Wakazunguka Scotland na Ireland, na dhoruba za vuli zilipowakuta karibu na miamba, wengi hawakuwa na nanga za kutosha za kuwashikilia.

Siwezi kufundisha haya nikanyamazia yanayouma. John Hawkins, aliyesimamia ujenzi wa merikebu nyepesi za Kiingereza zenye ngome fupi za omo na tezi, ndiye aliyewateka Waafrika wa Magharibi miaka ya 1560 na kwenda kuwauza Karibi. Akili iliyopunguza uzito wa merikebu ilikuwa imekwisha kupanga ngamani mwake nafasi ya watu waliofungwa. Wanafunzi wangu wanalisikia jina lake pamoja na habari zake zote.

Na washindi? Baada ya ushindi mabaharia wa Kiingereza walianza kufa kwa maradhi, wengi wakiwa hawajalipwa, na kamanda wao Howard akawaandikia wakubwa barua za kuwaombea. Kwangu barua hizo ni nzito kuliko hotuba yoyote ya malkia. Muda mfupi baadaye ulianzishwa mfuko wa Chatham wa kuwasaidia mabaharia walioumia, kwa fedha zilizokatwa kwenye mishahara yao wenyewe.

Zamani somo hili nililianza kwa mfalme na malkia. Siku hizi naanza na watu waliouzunguka mzinga mmoja: nani anavuta kamba, nani anabeba baruti, nani analipwa nini. Kisha tunakwenda Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno hapa Mombasa mwaka 1593, wakati Ureno ilipokuwa chini ya Philip huyo huyo. Tena São Martinho, merikebu aliyopanda Medina Sidonia, ilikuwa galeoni ya Kireno. Nawasimamisha wanafunzi mbele ya mzinga na kuwataka waniambie waliouhudumia walisimama wapi, walipitia wapi kuujaza, na nani alikuwa wa kwanza kupigwa. Wanabishana sana, nami nawaacha wabishane mpaka muda wa basi.