Uwani Kwangu, Baada ya Eda

Mume wangu alifariki mwishoni mwa masika. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotutaka. Sikutoka ila kwa dharura, sikujitia manukato wala kuvaa vya kujipamba. Watu walinijia, Mwenyezi Mungu awalipe. Walipika, walisoma, walinifulia. Lakini eda ilipokwisha na kila mtu akarudi kwake, nilikuta kuna kitu kimenitoka kabisa: siku za mbele. Mtu akiniambia "mwezi ujao tutakuja kukutazama", naitikia tu, maneno hayaingii. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyefika hapo, kwa sababu mimi nilitolewa na mchicha, mrehani na kalenda ya ukutani, na nayasema kwa yakini.

Nyumba yetu iko Fuoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Uwani kuna kipande cha ardhi ambacho marehemu alikitenga ajenge vyumba viwili vya kupangisha. Matofali alishayanunua, yamepangwa pembeni na kufunikwa turubai, na mimi sikuweza hata kuyatazama. Aliyefungua mlango wa nyuma ni shangazi yangu wa Makunduchi. Alisimama kizingitini na bakora yake, akaangalia magugu yaliyofika magotini.

"Mwanangu, na ua huu nao ulikaa eda?"

"Shangazi, sina nguvu."

"Nguvu zitakuja na vuli. Nipe jembe."

Shangazi amekulia katika hesabu ya zamani, ile ambayo watu wa Makunduchi huifungua kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Ni mwaka wa jua, unaohesabiwa kwa makumi ya siku: miongo 36, kisha siku tano za kujazia, jumla 365. Wakulima na mabaharia wa mwambao waliihitaji, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, na mvua haziufuati. Niliwahi kuwasomesha watoto haya darasani, lakini shangazi anaishi nayo. Aliniambia mvua ya vuli ni ya nini, mchoo ni wa nini, na kaskazi ikivuma nisihangaike kutia mbegu. Nikaitungua kalenda ukutani, ile wanayogawa madukani bure, nikawa naandika anavyosema. Tangu msiba, hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika jambo kwenye tarehe ambayo haijafika.

Tulianza na mchicha kwa sababu hauchelewi. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa na kupika. Siri yake ni kutomwaga mbegu zote kwa pamoja, la sivyo utakula mchicha mpaka uuchukie, kisha ukae mwezi mzima huna hata jani. Kwenye kalenda niliweka alama ya kutia mstari mmoja kila baada ya wiki mbili. Bamia tuliziloweka usiku kucha tukazifukia vuli hiyo hiyo, pamoja na mabilingani. Bamia zikianza kuzaa hazitaki uvivu: ukiruka siku mbili unakuta zimekomaa, kisu hakipiti. Na hilo lilinifaa mno, kwa kuwa asubuhi ambazo sikutaka kuinuka kitandani, bamia ziliniinua.

Tungule, nyanya kwa wenzetu wa bara, ndizo zilizonifundisha kupanga. Ukizipanda katikati ya masika majani hayakauki, bakajani inaingia, na mti mzima unaungua mbele ya macho yako. Mbegu zitiwe kitaluni mwezi wa Mei, chini ya kivuli cha makuti, na miche ihamishwe Juni, mvua zikishapungua na kipupwe kimeshika, nusu mita kutoka shina hadi shina. Hapo unavuna kuanzia Agosti. Zikiisha, tuta hilo usilipe mabilingani wala pilipili, maana hao wote ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Lipe kunde. Kunde zinarudisha naitrojeni ardhini, na majani yake ni mboga nzuri ya nazi. Kwa hiyo kila tuta nimeliandikia mrithi wake kabla halijavunwa. Matuta yenyewe nimeyazungushia yale matofali. Wanangu niliwauliza kwanza. Mkubwa akasema, "Mama, baba angefurahi," akaanza kuyabeba.

Januari na Februari kaskazi inakausha kila kitu, na udongo wangu una mchanga mwingi, maji hayakai. Miezi hiyo nimeiandikia kazi nyingine: kukusanya majani makavu, kugeuza mboji, kuiacha mbolea ya kuku ipoe wiki kadhaa, maana ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yanakwenda kwenye mchaichai na kwenye mnanaa, ambao nimeuweka ndooni kwa vile ukiachiwa ardhini unatawala ua mzima. Kotmiri naiacha isubiri ubaridi wa Juni, kwani joto linaipandisha maua kabla hujashiba majani.

Kisha kuna hesabu ya pili, ya mwezi, nayo mwanamke wa Kiislamu hawezi kuiweka kando. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, ya 2026 iliingia Februari, na kila mwaka inarudi nyuma, ndani kabisa ya kaskazi. Nikitaka bamia na majani mabichi ya futari, sharti nipande mapema kule kwenye vuli na niwe nimehifadhi matandazo ya kutosha. Ndiyo maana kalenda yangu ina wino wa rangi mbili: buluu kwa mvua, kijani kwa mwezi wa Kiislamu.

Maua nilikuwa siyataki. Niliona ni mambo ya wenye furaha. Shangazi hakubishana nami. Masika ilipoingia alichomeka vijiti vya asmini kando ya ukuta, akapanda mirehani kuzunguka matuta. Ilipochanua, wasichana wa mtaani walianza kuja jioni, wakati asmini bado ni vitumba, wakachuma na kukaa barazani na sindano, wakitunga. Kitumba kinapitishwa uzi kwenye kikonyo, kingine kinageuziwa upande wa pili, mpaka uzi wenyewe usionekane tena. Kukiwa na harusi wanaongeza mrehani na mkadi, wanafunga vikuba. Mmoja alinivika shada lake la asmini kichwani bila kuniuliza, na nikaliacha. Nilikuwa nimetoka edani siku nyingi, lakini jioni ile ndiyo niliyotoka.

Sisemi huzuni imekwisha. Ipo, na nikiona tungule ya kwanza imeiva bado namwita mume wangu kwa jina lake kabla sijakumbuka. Lakini leo mtu akiniambia "mwezi ujao", najua ni mwezi wa nini: najua kitakachokuwa kinaota, kitakachokuwa kinachanua, na nani atakuja kukifuata. Fedha ya mboga imepungua sana, nalo si jambo dogo kwa mstaafu kama mimi, ila ningeilima bustani hii hata isingeniokolea shilingi.

Basi wewe unayesoma, kama jirani yako au nduguyo amemaliza eda, usiishie kumpelekea sahani ya chakula. Nenda na vipande vya matembele vya kuchomeka, mbegu za mchicha kwenye karatasi na shina la mrehani. Chimba naye tuta la kwanza. Kisha kaeni chini na kalenda, umsaidie kuandika mwezi ujao atapanda nini.