Baridi Hutokea Chini

Mtu wa Masasi akipanda Newala mwezi wa Juni husahau koti mara moja tu. Mara ya pili hulibeba. Masasi iko chini. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale mchana unaliona bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Usiku huoni kitu, lakini upepo unausikia vizuri sana.

Miezi hiyo ya baridi ndiyo miezi yetu ya kulala shambani. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni mihogo. Nguruwe pori huja usiku. Kundi moja likiachwa mpaka asubuhi linaweza kufukua chakula cha nyumba nzima. Ya pili ni mikorosho. Wakati huo tunaipulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa hupulizwa alfajiri, kabla ya upepo kuanza, majani yakiwa bado na umande. Shamba langu liko mbali na kijiji. Nikilala nyumbani, nafika jua limekwisha toka.

Kwa hiyo nalala kwenye dungu. Wenzangu wengi hulala humo juu ya fito, na fito huumiza mbavu. Mtu aliyelala vibaya siku kumi hafukuzi nguruwe. Huwasikia tu, kisha hujifunika. Mimi nimejishonea machela.

Najua neno hili halipendezi masikioni mwa wengi. Kwetu machela ni ya mgonjwa. Wakati wa ukoloni ilikuwa pia ya bwana mkubwa, aliyejilaza ndani huku wapagazi wakitoka jasho. Mama yangu aliponiona nikishona alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, baba yako aliteremshwa hospitali ya Ndanda katika kitu kama hicho. Na hakupanda tena."

Sikumjibu haraka, maana alisema kweli. Baadaye nilimwambia, "Mama, machela haikumwua baba. Ndiyo iliyomfikisha kwa daktari." Mpaka leo hapendi kuiona nyumbani, nami siitundiki nyumbani. Inakaa shambani. Mtani wangu yeye akipita asubuhi huuliza kama maiti ameamka salama.

Na kitu chenyewe hakikuanza kwa mgonjwa wala kwa bwana mkubwa. Wenyeji wa Marekani walilala katika nyavu za pamba zilizofungwa huku na huku, kabla Mzungu hajafika kwao. Columbus aliwakuta nazo mwaka 1492. Mkorosho nao asili yake ni Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Leo nani atasema mkorosho si wetu?

Lakini ndugu msomaji, usifunge machela chini ya mkorosho ukalala. Nchi yetu ina simba. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560. Mkoa wa jirani wa Lindi uliumia sana. Wataalamu waliochunguza jambo hilo walikuta kwamba mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, watu wanapolala mashambani kulinda mazao. Na mnyama aliyewalaza huko alikuwa nguruwe pori. Kwa hiyo machela yangu imo ndani ya dungu, juu, kwenye nguzo za mti mgumu. Kuta zimefungwa kwa fito, na ngazi naivuta. Madungu ya majirani wawili yako karibu. Tunaitana kwa kupiga debe.

Kushona si kazi kubwa. Nilinunua marekani nzito mita 6 sokoni Masasi, yenye upana wa mita 1 na nusu. Niliikata katikati, nikashona kipande kimoja juu ya kingine, nikaacha ubavu mmoja wazi kama mfuko. Kila mwisho niliukunja mikunjo midogo midogo, nikaufunga kwa kamba imara.

Kazi iko katika kufunga. Watu wengi hupenda kuikaza machela ikae kama kitanda. Ukiikaza hivyo, itakubana mabega na kuvunja nguzo. Mimi nina kilo 60. Kamba ikiteremka kama sentimita 58 katika kila mita 1, kila upande hubeba kama kilo 60. Ikikazwa mpaka iteremke sentimita 18 tu, kila upande hubeba karibu kilo 170. Uzito wangu ni ule ule, lakini nguzo inavutwa karibu mara tatu. Basi iache ilegee.

Ili isilegee leo hivi na kesho vile, nimefunga kamba nyembamba juu, kutoka mwisho mmoja wa kitambaa mpaka mwisho wa pili. Kitambaa ni mita 3, kamba hiyo ni mita 2 na nusu. Kila usiku machela inakuwa na umbo lile lile. Kisha lala mshazari: kichwa kuume kidogo, miguu kushoto. Hapo mgongo unanyooka. Ukilala katikati kabisa utajikunja kama ndizi, na asubuhi utakuja kunilaumu.

Sasa baridi. Mtu akisikia baridi huongeza blanketi juu. Katika machela hilo halitoshi, maana baridi hutokea chini. Mgongoni kwako hakuna ardhi wala mkeka, kuna upepo. Hata blanketi unalolilalia halisaidii sana, kwa sababu unaligandamiza. Kinachotunza joto hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Ukiigandamiza, inatoka. Mtazame kuku asubuhi ya baridi. Hujitutumua manyoya yote. Hana manyoya mengi kuliko jana, ila ameweka hewa ndani yake.

Dawa ni kuivalisha machela godoro kwa nje, upande wa chini, mahali ambapo mgongo hauligandamizi. Nilifumua magunia 2 ya juti yaliyochakaa, nikayashona pamoja. Ndani nilitia sufi ya mito ya zamani. Mama watoto alisikitika kwa mito yake, nami nilimwahidi mipya. Nilishona mistari, kila upana wa kiganja, ili sufi isikimbilie upande mmoja. Godoro hilo linaning'inia kwa kamba zake lenyewe, chini ya machela. Mwenzako akulaze ndani, kisha apitishe kiganja kati ya godoro na kitambaa. Kiganja kipite, lakini kisipite ovyo. Likishuka mno upepo hupita. Likibana mno sufi hugandamizwa, na umerudi kwenye baridi. Miisho yake miwili ifungwe kama mdomo wa mfuko.

Asiye na sufi atie nyasi kavu, azibadilishe zikianza kuvunjika. Na ule mfuko wa marekani una kazi yake. Karatasi nazo hushika hewa. Gazeti hili linaweza kuingia humo, lakini mpe kwanza jirani alisome.

Magunia yachague vizuri. Usitumie mfuko uliobeba salfa au dawa ya wadudu, hata ukiufua. Vumbi lake huwasha ngozi na macho, nawe utalivuta usiku kucha. Jiko la mkaa pia liache nje. Mkaa ukiwaka mahali palipozibwa hutoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana, na aliyelala haamki.

Chandarua chenye dawa nakitupia juu ya ile kamba nyembamba, kinashuka pande zote mpaka chini ya godoro. Lazima kifike chini. Mbu huweza kukuuma mgongoni kupitia kitambaa, usipokuwa na kitu kinene hapo.

Kamba naziangalia kila jioni, hasa kwenye fundo, kwa sababu katani huoza ikilowa mara kwa mara. Msimu ukiisha, godoro nalianika juani siku nzima, kisha nalitundika chini ya paa kwa waya mwembamba. Panya wa shambani wanapenda sufi kuliko mihogo.